Supu Niliyoikataa Maribor

Niliondoka Maskati kwa sababu binti yangu alisema nisiende. Asya anasomea ufamasia Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, na tulipomuuliza kwenye simu kama tumtembelee, alijibu, "Msijisumbue, mie sijambo." Mimi nilitosheka. Mke wangu, ambaye miguu haimruhusu kusafiri, alinitazama nilivyostahili kutazamwa.

"Kakataa mara moja tu, nawe ushaamini? Wewe Mzanzibari gani?"

Basi nikafungiwa kopo la halua ya Asya, nikatolewa nyumbani kwetu, mtaa wa Mabela, katika joto la Juni ambalo hata usukani haushikiki.

Vienna, Austria, asubuhi, nilishuka ndege nikapanda treni. Mpango ulikuwa mwepesi: nifike Ljubljana kabla ya magharibi, Asya anipokee stesheni. Hata mimi sikudhani ningeweza kuuharibu.

Maribor, alasiri. Treni ilisimama katika mji wa Slovenia ambao sikuwahi kuusikia, na nje kulikuwa na manyunyu. Msomaji wa Maskati ameshanielewa. Sisi huendesha gari siku nzima hadi Salala, kusini mwa Oman, kwenda kuloweshwa na mvua, tena tukashukuru. Hapa manyunyu yalikuwa mlangoni. Nilishusha begi kabla sijajiuliza nakwenda wapi, treni ikaondoka, nami nimesimama nimeinua uso juu, nacheka peke yangu.

Nikampigia Asya. "Nalala hapa leo, mwanangu. Nakuja kesho. Hutachukia?"

Alishusha sauti. "Si neno, Baba. Starehe zako."

Mtoto mwelewa huyu, nikasema moyoni, nikaenda kutembea kando ya mto Drava bila mwavuli. Wenyeji, kila mmoja na mwavuli wake, walinipisha njia kwa huruma.

Jioni nilipata nyumba ya wageni. Mwenyewe, Bi Marija, mama mtu mzima, aliniona nimelowa chapachapa, akaniwekea mezani bakuli la supu ya uyoga inayofuka moshi. Nilikuwa sijala tangu Vienna. Nikaweka mkono kifuani nikasema kwa Kiingereza changu, "Ahsante, nimeshiba." Kwetu hapo ndipo mwenyeji anapoanza kazi: atakuapiza, atakununia, atakusogezea kijiko, nawe mwishowe utakula eti kumridhisha. Bi Marija alisema, "Haya," akaichukua supu.

Nilikaa nikingoja arudi nayo. Nikakohoa. Nikausifu mto. Nikauliza supu ile hupikwaje. Alifurahi sana, akanieleza yote tangu kuchuma uyoga, huku akiinywa mbele yangu.

Chumbani nilifungua halua ya Asya. Nilikata kipande kimoja, halafu kingine cha kusawazisha ukingo. Ndipo likanijia, mdomo umejaa. Bi Marija hakunikosea, yeye hajui mambo yetu. Mimi nayajua. Asya nimemlea mwenyewe kukataa kwanza, ameniambia "si neno" kwa sauti ile, nami nikasema haya na kwenda zangu mtoni. Nikalifunga kopo.

Ljubljana, kwa treni ya kwanza. Asya alinifungulia mlango. Mezani palikuwa na sahani mbili safi, sufuria ya pilau ya jana na kachumbari iliyonywea.

"Ulisema si neno," nikamwambia.

"Ulitaka niseme nini, Baba? Umeniuliza mara moja tu." Akafuta macho kwa kiganja. "Utakula?"

"Nitakula!"

Nilikuwa nimeshaketi. Akacheka, akanipakulia, nami nikala pilau ya jana huku machozi yananitoka, na wala sikuona haya.

Safari ya kurudi nilipaswa kuianza Jumapili. Stesheni, treni ikikaribia, nilimgeukia.

"Nikae siku mbili tatu zaidi?"

"Aa, Baba, una shughuli zako."

"Nikae?"

"Tiketi itapotea bure."

"Asya, mwanangu. Nikae?"

Alilichukua begi langu, akageuka nalo kuelekea nyumbani, akitembea haraka nisije nikabadili mawazo.