Kuza Picha, Tuone

Nimechoka kusikia kwamba filamu zimeua roho za vijana. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi mwenyewe niliamini.

Binti yangu wa kidato cha tatu anapenda filamu za kupigana, zile zilizotiwa Kiswahili na msimuliaji asiyemeza mate. Watu wanachinjana kwenye kioo, yeye anamega tonge la ugali wa ulezi, anachovya kwenye maharage, anaendelea kutazama. Nimegomba mpaka sauti ikakauka. Nimeficha chaja. Nilichoogopa ni kwamba siku moja mtu ataanguka mbele yake, naye atamruka kama dimbwi.

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwetu, hapa Katandala. Baada ya rozari mwenyekiti wetu akaanza mada ya vijana na filamu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akasema, macho yote kwangu. Binti alikuwa anagawa chai.

Simu ya mwenyekiti ikalia. Picha imeingia: ajali ya bodaboda, barabara ya Milepa. Dereva yuko chali kwenye damu, uso hautambuliki, amevaa koti jekundu lenye kiraka cha bluu begani. Akina mama wale wale wa rozari wakabanana kama kuku kwenye pumba.

"Kuza picha, tuone!"

"Jamani, ubongo huo!"

Rozari bado ziko mikononi.

Mara akaingia jirani yetu, mjane, amechelewa, kigoda mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo. Mnaangalia nini, wenzangu?"

Binti yangu akaweka birika chini, akampokonya mwenyekiti simu, akaikalia.

Basi makelele! Eti mtoto hana adabu, eti ndizo filamu hizo. Niliinuka nimtandike. Akaninong'oneza: "Mama, lile koti. Ni kaka wa hapo jirani, mwanawe huyu mama."

Kwetu habari ya msiba huletwa na wazee wa ukoo. Wanaingia, wanaketi, wanaomba maji ya kunywa, ndipo wanasema. Simu haiombi maji.

Nikatoka kwenda kuwaita wazee. Niliporudi, jirani alikuwa anakunywa chai, anasifia tangawizi. Simu ilikuwa inaita chini ya binti yangu, inanyamaza, inaita tena. Hakuinuka mpaka wazee walipopiga hodi.

Baada ya maziko jumuiya ikakutana tena. Mada? Filamu na vijana! Mwenyekiti yule yule, sauti ile ile. Kweli nyani haoni kundule. Nikawaachia mada yao, nikaenda kwa jirani. Nilimkuta binti yangu jikoni kwake, anasonga ugali.

Jirani alikuwa ameegemea ukuta. Aliuliza taratibu, bila kumtazama yeyote: "Siku ile mlikuwa mnaangalia nini?"

Mimi nilichochea moto. Binti yangu aliendelea kusonga.

"Filamu tu, mama," akamjibu.