Mkunga na Kirusi cha Kale

Shangazi alikuwa mkunga, na wodini walimwita Mkono Mwepesi. Aliishi na virusi vya ukimwi tangu enzi za marehemu mumewe, na hakufanya siri. "Nina wapangaji," aliwaambia wajawazito waliotoka kupima wakilia. "Dawa imewalaza fofofo. Na wako watalala."

Binti wa kaka yake alichunguza virusi chuoni. Siku moja alimpeleka shangazi yake maabara, akamkalisha mbele ya darubini. Ndani ya seli ziling'aa nukta za kijani.

"Ule ni ujumbe wa kirusi cha ukimwi, shangazi. Kikiingia, huchomeka maagizo yake katikati ya yetu. Seli huyanakili kwenye uzi mrefu wa RNA, kisha huukata na kuunganisha vipande. Ukikatwa hivi, inatoka protini hii. Ukikatwa vile, nyingine."

"Nyuzi zote hukatwa?"

"Hapo ndipo penye ujanja. Kirusi kinataka nyingine zibaki nzima, zipakiwe kwenye virusi vipya. Basi kina protini yake ndogo inayozisindikiza nje ya kiini cha seli bila kukatwa."

Shangazi aliinama tena kwenye darubini, asibanduke. "Miaka yote hii nakitukana," alisema taratibu, "kumbe ni fundi."

"Kuna kingine kilichowaingia mababu kabla binadamu hajawa binadamu. Kikaganda kwenye uzao wetu, tunarithishana. Hakimdhuru mtu. Ila swichi yake huwaka kwenye kondo la nyuma. Uzi wake hukatwa, huunganishwa, unatoa protini inayoziunganisha seli za kondo ili mtoto apate chakula cha mamaye."

"Unanitania."

"Sikutanii, shangazi."



Kesho yake alizalisha mwanamke mmoja, uzazi wa kwanza, salama salmini. Kondo lilipotoka alilikunjua kwenye beseni, akalikagua kwa vidole kama ilivyo kazi yake. Lilikuwa zima. Lakini hakuliweka chini. Alilishika kwa mikono miwili, zito, bado lina joto, mishipa imetapakaa kama mizizi. Mangapi yamepita mikononi mwake, akiyatupa bila kuyaangalia mara mbili.

"Kuna tatizo, mama?" mzazi aliuliza kwa woga.

"Hakuna, mwanangu." "Namwangalia aliyekusaidia kulea."