Njia ya Trekta kwa Mzee Polikarpi

Watu wengine wakitaka kununua trekta huuliza linakula mafuta kiasi gani. Mzee Polikarpi wa Nyakatuntu alikuwa akiuliza upana. Alikata ufito wa mwanzi, na kila trekta lililosimama barabarani aliliinamia akapima kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama seremala anayempimia maiti jeneza. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakucheka. Ndipo nikajua kuna jambo, maana Polikarpi hucheka hata akiumwa jino.

Mgongo wake ulikuwa umegoma. Miaka arobaini ya jembe la mkono kwenye shamba la mahindi na maharage kule bondeni ilimfanya atembee kama mtu aliyedondosha sindano. Binti yake Mukabera, mwalimu huko Geita, akasema inatosha, kitafutwe kitrekta. Mimi niliitwa kwa sababu nilisomea mitambo mpaka katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi nusu. Kaa hapo. Na utakayoyasikia usimwambie mama yako."

Mama yangu huyo, kwa heshima tu wala si kwa kunizaa, ni mkewe, Nyirabahire, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi.

Kwenda bondeni kuna njia moja, nayo hupita katikati ya migomba. Humo humo kwenye migomba amelala mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliyeishi siku tatu. Kwetu tunazika nyumbani, hilo si ajabu. Makaburi ya wazee yana alama na kila mtu anayajua. Lakini kwa mtoto ambaye hakuwahi hata kupewa jina, mama yake Polikarpi alikataa alama yoyote isiwekwe. Nyirabahire alikuwa ndani, hoi kwa homa ya uzazi. Polikarpi alichimba peke yake kwenye ukungu wa asubuhi, chini ya mgomba mmoja, akajiambia: huu nitaujua.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," alisema. "Nilikuwa mjinga."

"Ujinga uko wapi hapo?"

"Mgomba hutembea, wewe!"

Na kweli hutembea. Mama akishakatwa anabaki mtoto, na ubavuni mwa mtoto yuko mjukuu. Kila msimu unaacha chipukizi moja, mengine unang'oa, na shina linasogea shibiri moja upande huo. Shibiri kwa shibiri, miaka thelathini na tatu. Polikarpi alikuwa ameweka alama ya kaburi kwenye kitu chenye miguu.

Aliniambia kuna asubuhi anapita pale, anakanyaga, udongo unabonyea laini kuliko inavyopaswa, naye anarudi kinyumenyume mpaka jikoni. Mvua ikipiga majani husikia kama mtu anabisha hodi bila nguvu.

"Trekta la upana huu linaweza kupita kushoto," alisema, akinionyesha ufito. "Au kulia. Sijui."

"Kama hujui alipo, ufito unakusaidia nini?"

"Unanisaidia nisimwambie mama yako."

"Usiniambie nini?" Nyirabahire alikuwa mlangoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

Niliinuka niende zangu. Kwenye kusema watu mimi ni hodari, lakini kwa haya sina mdomo. Akaniashiria nikae.

Polikarpi akasema yote, macho chini. Kwamba mgomba aliomwonyesha zamani, ule ambao mkewe huutandazia nyasi kuliko mingine yote, mtoto hayuko chini yake tena. Amebaki nyuma mahali fulani.

Nyirabahire hakulia. Alikwenda hadi kwenye mgomba huo, karibu kabisa na jiko, akaushika kama unavyomshika mtu bega.

"Nani hupunguza machipukizi hapa?"

"Wewe."

"Na kila mwaka nimeacha lililo upande wa nyumba. Ulidhani bahati mbaya? Nilikuwa namvuta aje."

"Mama Mukabera, mgomba ndio umekuja. Yeye hakuja."

"Unajuaje? Si umesema hujui alipo?"

Hakukuwa na upepo. Jani moja juu yake lilikuwa linatikisika, na mpaka leo najiambia ni mkono wake uliotetemeka.

Kisha akaupa mgomba mgongo, akatembea kufuata ulikotokea, bila kupinda. Hatua tisa. Zote zilikuwa ndani ya njia.

"Kama hakuja," alisema, "yuko kwenye hizi."

Wiki iliyofuata tulikuwa Murongo, dukani kwa Hatibu. Hatibu alilipigapiga trekta jekundu la magurudumu manne. "Mzee wangu, farasi ishirini na tano! Unalima umekaa kitini kama bwana harusi!"

Nyirabahire akauliza, "Likizimwa, linasukumika?"

"Mama yangu, nani ananunua trekta akalisukume?"

"Mimi."

Hatibu akanitazama nimsaidie kucheka. Nikaangalia matairi. Wakachukua pawatila, ile ya kushika mikono miwili na kuifuata nyuma kwa miguu, kwa sababu ndiyo pekee iliyosogea wazee wawili walipoisukuma.

Sasa kila msimu, wakifika pale kwenye mgomba, Polikarpi huzima injini na kutoa gia. Yeye hushika mkono mmoja wa pawatila, mkewe mwingine. Niliwahi kujitolea kusaidia. Nyirabahire akasema, "Hapa ni wazazi tu." Basi mimi hufuata nyuma.

Msimu uliopita, walipofika hatua ya sita, gurudumu la kushoto lilizama kidogo. Wakasimama. Polikarpi akavua kofia. Nilijiambia ni fuko tu amechimba.

"Tupishe, baba," Nyirabahire alisema taratibu, akiutazama udongo. "Tunapita."

Wakangoja kidogo, kisha wakasukuma.