Hiari Yako

Juzi sokoni Malindi niliona kawa la ukili linauzwa, nikamkumbuka nyanya. Tuliishi mimi na yeye tu. Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, nyumba ilinukia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na huko nje majirani walikuwa wakipakia vigoma garini, waende harusini Mambrui.

"Nyanya, niende nao?"

Alikuwa akipepea makaa. Hakuinua uso. "Hiari yako, mwanangu."

Madrasa tulifundishwa kwamba hiari ni mtu kufanya apendavyo bila kulazimishwa. Nikambusu mkono, nikatoka mbio.

Niliporudi magharibi, sinia lilikuwa mkekani bado, limefunikwa kawa. Nililifunua; wali ulikuwa umepoa, haukuguswa.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimeshiba, nyanya."

Akalirudisha kawa taratibu. Nilidhani hana njaa, nikaenda kulala. Wali ule haujanitoka moyoni mpaka leo.

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu, akaniuliza kama Idi hii anaweza kuila kwa wakwe zake. Nyama nilikuwa nishaiagiza.

"Hiari yako," nikamwambia.

"Ahsante, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha tele.