Gramafoni ya Boma na Masikio ya Bibi

Juzi wajukuu zangu hapa Mfaranyaki walinichekesha. Walikuwa na redio mbili, moja ya baba yao na nyingine waliyoletewa na mjomba wao, wakabishana mchana kutwa ipi ina sauti nzuri. Kila mmoja aliisifu ya yule ampendaye zaidi. Sikuwaamua, maana mawazo yalikwishanirudisha kwa bibi yangu, upande wa Matogoro, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji.

Babu alinyongwa na Wajerumani bomani vita vilipokwisha. Tangu hapo bibi hakuruhusu ngoma ipigwe uani kwake. Togwa tulipika, ulezi tulitwanga, hata kucheka tulicheka. Lakini ngoma, hapana. Shangazi, binti yake wa mwisho, alikuwa amechumbiwa, na kilichomnyima raha ni kwamba ataolewa kimya kimya kama mtu anayezikwa.

Bwana wa boma, Mjerumani, alikuwa na gramafoni, sanduku la mbao lenye tarumbeta kubwa ya bati iliyobonyea ubavuni. Jumapili alikuwa akiiweka barazani, nasi tukipita na mizigo ya kuni tuliisikia. Bibi alivuta kaniki yake akaziba masikio. Alisema inalia kama mbuzi aliyebanwa shingo. Jirani yetu, mjane kama yeye, alisema ni mbaya kuliko hivyo.

Bwana yule alipohamishwa, aliiuza kwa mfanyabiashara mmoja Myao, mtu wa Tunduru, aliyekuwa akiuza chumvi na nguo karibu na kwetu. Wakati wa njaa iliyofuata vita, huyu ndiye aliyemgawia bibi mtama wake bila kuombwa. Alasiri moja aliipiga mlangoni pake. Bibi alikuwa akitwanga. Mchi ukasimama hewani. Wimbo ulipokwisha akasema kwamba hii kweli ni gramafoni, inaongea laini, si kama ile ya boma iliyokuwa ikikwaruza.

Shangazi alikwisha kuiona ile tarumbeta, imebonyea ubavuni vilevile. Angeweza kunyamaza, na harusi yake ingepata muziki. Lakini hakutaka furaha yake isimame juu ya jambo ambalo mama yake halijui.

"Mama," akamwambia, "ni ileile ya boma."

Bibi aliweka mchi chini, akaenda kwa mfanyabiashara, nasi nyuma yake. Akapapasa pale palipobonyea. Akauliza kama imetengenezwa upya. Myao yule akajibu kwa upole kwamba wallahi hajagusa kitu, hata santuri ni zilezile. Bibi akamwomba aipige tena. Alisikiliza amefumba macho, na machozi yakamtoka hadi wimbo ukaisha.

"Basi mimi sikuwa nasikia gramafoni," akasema. "Nilikuwa nasikia boma."

Tukarudi nyumbani. Usiku ule, tukila ugali wa ulezi na majani ya kunde, akamwambia shangazi awaite wapiga ngoma.

Jirani hakushawishika. Mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba Myao yule aliipaka mafuta ya ufuta ndani, ndiyo maana ikalainika.

Harusi ilikuja na njuga na vigelegele, vumbi likapanda hadi kwenye paa la nyasi. Gramafoni ilipigwa kidogo asubuhi, kisha ngoma zikaimeza. Bibi alianza kwa kupiga makofi ameketi. Baadaye nikamwona ameingia kati, kiuno bado chepesi, akiimba nyimbo ambazo sikujua kama anazijua.

Mfanyabiashara alirudi kwao Tunduru Wajerumani na Waingereza walipoanza kupigana, akaondoka na sanduku lake. Ua ule sasa ni shamba la mahindi la mtu mwingine, na hakuna aliyebaki wa kunisaidia kukumbuka. Lakini shangazi alizaa mabinti watano, na wote wameolewa kwa ngoma. Nyimbo wanazoimba ni zile za bibi; wamezibadili maneno hapa na pale, nami siwasahihishi.