Rumba ya Jubilei Yetu

Mume wangu alikuwa na kosa moja tu katika rumba: aliniachia mkono. Mimi ndiye niliyemwondolea kosa hilo, tena nikajiona mjanja.

Tulianza kujifunza kwa sababu ya jubilei ya ndoa yetu. Hapa Kahama siku hizi wenye sherehe, hata wazee kama sisi, lazima wafungue muziki wakiwa wawili tu katikati ya ukumbi, simu zote zikiwarekodi. Nikasema siendi kuaibika. Basi kila Alhamisi jioni tukawa tunakwenda kwa kijana mmoja aliyejifunzia dansi Mwanza, naye akatufundisha: mguu huu nyuma, bega lishuke, mtazame mwenzako.

Kumtazama mwenzake ndiko kulikomshinda baba watoto. Amezaliwa Ushetu, na ujana wake wote ulipita kwenye ngoma za mashindano baada ya mavuno, ambapo makundi mawili hucheza uwanja mmoja na mshindi ni lile lililovuta watu wengi upande wake. Mchezaji wa ngoma zile anawachezea watazamaji. Kwa hiyo muziki ukinoga tu, baba watoto ananiachia, anavigeukia viti vitupu, mabega yanatetemeka, uso umechangamka, anawaita watu ambao hawapo. Wanafunzi wenzetu walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Mimi niliona haya.

Njiani nilimwambia aache ushamba. Nikamwambia tena nyumbani, nikipika, nikitandika kitanda. Tulifanya mazoezi sebuleni, meza tumeisogeza, na kila alipotaka kugeuka nilimbana vidole. Laiti angekasirika. Mtu mzima, mwenye ng'ombe wake na heshima yake sokoni, alinitii kama mtoto wa chekechea. Polepole akaanza kuhesabu kwa midomo, macho ameyakaza kwenye paji la uso wangu. Mwalimu akamsifu, na mimi nikavimba kichwa.

Siku ya jubilei tulicheza bila kukosea. Watu walipiga makofi ya adabu, wakarudi kwenye soda zao. Nilipokwenda kumwamkia mama mkwe, aliitikia marahaba, akanivuta karibu na kuniuliza taratibu kama mwanawe anaumwa. Nikasema hapana, mama, labda uchovu.

"Nilikuwa nangoja atugeukie," akasema.

Nilimwangalia mume wangu meza kuu, amekaa wima ndani ya suti niliyomchagulia, na nikajichukia. Nilikuwa nimeona aibu kwa furaha yake, nikaitoa kidogo kidogo, kila Alhamisi, na yeye akaniachia niitoe kwa sababu ananipenda.

Muziki ulipofunguliwa kwa wote nilimnyanyua. Tulipofika mbele ya mama yake na ndugu waliotoka Ushetu, nilimwachia mkono kwa makusudi, nikarudi nyuma hatua moja ili awe na nafasi. Akasimama. Mikono ilibaki hewani, haijui pa kwenda. Kisha akanirukia, akanishika vidole kwa nguvu, jasho limemtoka.

"Nisamehe, mama watoto," akaninong'oneza. "Nimekupoteza kidogo. Hawajaona."

Akaanza tena kuhesabu.