Pori Inaita Mara Moja

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, pale Vickery Meadow, Dallas, kazi yangu ilikuwa kuwa mdomo wa Nyanya. Barua ikija, nasoma mimi. Simu ikilia, napokea mimi. Nilichoka mapema, na uchovu ule haujanitoka hadi leo.

Nyanya alikuwa mtu wa Ubwari, ile rasi ya Kongo inayoingia Ziwa Tanganyika, maji kushoto na kulia, na katikati mgongo wa milima yenye msitu mzito. Sijawahi kukanyaga huko. Ila njia ya kuvuka ule mlima naijua kuliko barabara za Dallas, kwa kuwa alinivusha kila jioni kwa maneno: hapa mianzi, hapa chemchemi, hapa usipige mluzi. Na sharti kubwa kuliko yote: ukisikia jina lako, usiitike mpaka liitwe tena.

"Pori inaita mara moja," alisema. "Mutu anaita mara mbili."

Haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Vita vilipowafikia walikimbilia msituni, yeye na Babu, na Mama akiwa na mimba yangu. Sauti ikamwita Babu, mara moja. Akadhani ni ndugu yake, akaitika. Risasi zikafuata. Nyanya alimziba Mama mdomo kwa kiganja mpaka wale watu wakaondoka.

Mama huyo ndiye tuliyekuwa tukimngoja Dallas. Faili lake la ukimbizi lilitengwa na letu; sisi tukaletwa Marekani, yeye akabaki kambini Kigoma. Baada ya miaka mitatu ya barua, tuliitwa ofisi ya uhamiaji kwa ajili yake. Nyanya alivaa kitenge chake cha kanisani. Tukapanda treni asubuhi, tukakaa kwenye viti vya plastiki zaidi ya saa nzima.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke akasoma jina la Nyanya, akilivuruga vibaya, mara moja.

"Nyanya, banatuita," nikanong'ona.

Akanishika mkono. 

"Tulia. Ngoja ya pili."

Ya pili haikuja. Likaitwa jina la mtu mwingine. Nilijua hapo hapana pori. Kiingereza nilikijua, miguu nilikuwa nayo, ningeweza kusimama. Lakini niliogopa, niliona nikiitika tu, Mama atakufa. Tulipokwenda dirishani tukaambiwa hatukuwapo, tusubiri barua nyingine. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu likavunjika vilevile.

Barua ile ilichukua miaka miwili. Mama alifika nimeshavunja ungo, nimemzidi kimo, tukasalimiana kama wageni.

Wiki ya kwanza, akiwa anamenya vitunguu, aliuliza kwa nini tulimwacha muda wote ule. Nyanya akaweka mwiko chini, akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Hawakutuita, Mama."

Nyanya akauokota mwiko, akaendelea kupika.

Sasa amelala makaburini Texas, kwenye ardhi tambarare isiyo na hata kilima. Nilimlaumu miaka mingi, kimyakimya, kisha nikachoka. Bila sharti lile hata mimi nisingezaliwa. Mama bado anaisema ofisi ile kila akikumbuka. Namjibu, ndiyo Mama, watu wale hawana utu. Kumwambia kwamba nilisikia, nikanyamaza, bado siwezi.